Je, Moyo wa Kijana Wapimika?

 

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia mzee mmoja katika watu wa mji wetu, naye ameshika karatasi mkononi. Ana binti wa miaka 16 asomaye skuli ya sekondari, na skuli imewaandikia wazazi kuwaarifu kwamba watakuja watafiti kuwauliza wanafunzi maoni yao juu ya kujizuilia na mambo ya mume na mke kabla ya ndoa. Mzazi asiyetaka mwanawe aulizwe na aseme mapema. Pamoja na barua hiyo waliambatisha mfano wa maswali.

Nikayasoma. Hayakuwa maswali hasa, bali ni maneno yaliyoandikwa kana kwamba ayasemaye ni kijana mwenyewe, na mbele ya kila neno pana vyumba vitano vya kutia alama: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Neno moja lasema kwamba kungoja mpaka ndoa ni jambo kubwa kwangu. La pili lasema kwamba nina hakika nitaweza kukataa hata nikishawishiwa na mtu nimpendaye. La tatu lasema kwamba rafiki zangu watanicheka wakijua ya kuwa sijapata kufanya.

Yule mzee aliniuliza mambo mawili. La kwanza, je, yafaa kisharia binti yake kuulizwa hayo? La pili, nalo alilisema kwa sauti ya chini, je, yafaa yeye baba kuisoma karatasi ile baada ya binti kuijaza, apate kujua yaliyomo moyoni mwake?

Nilimwomba anipe siku chache. Swali la kwanza nililiona jepesi kuliko nilivyodhani, na la pili zito kuliko alivyodhani yeye. Nami nimeona niyaandike hapa, kwa kuwa nyumba zisizo na kijana katika mji huu ni chache, na sijui mzazi ambaye hajapata kutamani apewe dirisha la kuchungulia moyo wa mwanawe.

Tuanze na kipimo chenyewe. Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa Wazungu, na kwamba moyo haupimwi kama unga. Kusema hivyo ni haraka. Mwaka 1928 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, L. L. Thurstone, aliandika makala ya kudai kwamba mielekeo ya watu yaweza kupimwa. Na mwaka 1932 Rensis Likert akatoa njia nyepesi zaidi, nayo ndiyo mama wa hivyo vyumba vitano. Tangu hapo njia hiyo imetumika kupima rai za watu juu ya siasa, biashara, dini, na hata ndoa zao. Wala sisi tusijifanye kwamba kupima maneno ya watu ni jambo geni kwetu. Wanavyuoni wa Hadithi waliwapima wapokezi mmoja mmoja. Hawakuridhika na kusikia tu kwamba fulani kasema. Waliuliza: Je, alikuwapo? Hifdhi yake ikoje? Je, alikuwa na haja yake mwenyewe katika kulieneza neno lile? Mtu aliweza kuwa mcha Mungu, asiyejulikana kwa uwongo, na riwaya yake ikaachwa kwa kuwa hifdhi yake ilikuwa dhaifu. Basi na tuliulize neno la kijana maswali hayo hayo. Alisemaye apata nini kwa kulisema, na akisema kinyume chake apoteza nini?

Kabla ya kuingia katika jambo la vijana, nitataja kisa kimoja cha kuonyesha jinsi neno na tendo yanavyoweza kuachana njia. Tangu mwaka 1930 Mmarekani mmoja, Richard LaPiere, alisafiri nchini mwake kwa muda wa miaka miwili pamoja na mume na mke wa Kichina, wakati ambapo Wachina walichukiwa sana huko. Walifika katika hoteli na mikahawa zaidi ya 250, wakakataliwa pahali pamoja tu. Baadaye akawaandikia barua wenye mahali hapo kuwauliza kama wangewapokea wageni wa Kichina. Na katika wale waliojibu, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema hapana. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1934. Watu hao maneno yao yalikuwa mabaya kuliko matendo yao. Katika jambo letu sisi, hofu ni kinyume chake.

Nchi iliyolipima jambo hili sana ni Marekani. Mwaka 1993 Wakristo wa madhehebu ya Baptist wa kusini mwa nchi hiyo walianzisha harakati iitwayo True Love Waits, ambamo kijana hutia saini ahadi ya kujihifadhi mpaka siku ya ndoa yake, na wengine huvaa pete ya kuwakumbusha. Wakati huo huo, tangu mwaka 1994, wataalamu walikuwa wakiwafuata maelfu ya wanafunzi wa nchi ile, wakiwauliza na kuwarudia tena baada ya miaka, kwa hivyo yaliwezekana kuwatazama walioahidi na wasioahidi.

Mwaka 2001 Peter Bearman na Hannah Brückner walitoa matokeo yaliyowashangaza watu wa pande zote mbili. Waliotia saini walichelewa kuingia katika jambo lile kuliko wenzao, kiasi cha mwaka mmoja na nusu kwa wastani. Lakini faida hiyo ilionekana pale tu ambapo walioahidi ni baadhi ya wanafunzi. Pale ambapo walioahidi wamekuwa wengi mno, ahadi haikufanya kazi yoyote. Wenyewe walieleza kwamba ahadi ile ilikuwa kama uanachama: humpa kijana jina na kundi la kujitambulisha nalo, na jina likiwa la kila mtu, halimtambulishi mtu. Nimelifikiri sana neno hilo, kwa sababu katika miji yetu kila mtoto ameahidi. Hapana hata mmoja ambaye hakufundishwa kusema kuwa zinaa ni haramu, na kila mmoja atakuambia hivyo ukimwamsha usingizini.

Kisha akaja mtafiti mwingine, Janet Rosenbaum. Mwaka 2006 alionyesha kwamba katika wale waliosema wameahidi, zaidi ya nusu walipoulizwa tena baada ya mwaka mmoja walikana kwamba wamepata kuahidi. Mwaka 2009 akaenda mbali zaidi. Aliwatafuta vijana waliokuwa sawasawa kabla ya ahadi, katika dini yao na rai zao na mambo mengine zaidi ya mia moja, wengine wakaahidi baadaye na wengine wasiahidi, akawatazama baada ya miaka mitano. Hakuona tofauti katika mwenendo wao, isipokuwa kwamba walioahidi walikuwa wakijikinga na mimba na maradhi kwa uchache kuliko wenzao. Na katika hao walioahidi, 82 katika kila 100 walisema hawakuahidi kamwe.

Tazama vizuri, ewe msomaji. Hawakusema, "Tuliahidi tukavunja." Walisema, "Hatukuahidi." Sidhani kwamba wote walikuwa wakidanganya kwa makusudi. Mwanadamu huiandika upya nafsi yake kila siku ili jana ifanane na leo, na karatasi humkuta katikati ya kuandika. Wanavyuoni wetu walikuwa na haki kutoupenda wingi wa viapo na nadhiri; Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba nadhiri haitangulizi jambo wala hailicheleweshi. Mwenye kuapishwa kabla hajajua kile anachokiapia, ni dhuluma kumdai.

Sitaki nionekane nachukua upande mmoja. Yako mafundisho yaliyofaa. Mwaka 2010 John Jemmott na wenzake walitoa habari za watoto 662 wa Marekani wenye asili ya Kiafrika, wa kiasi cha miaka 12. Waliofundishwa kujizuilia, theluthi moja walikuwa wameingia katika jambo lile baada ya miaka miwili. Na waliofundishwa mambo mengine ya afya, karibu nusu. Walimu wale hawakuwaapisha watoto wala hawakuwatisha kwa aibu. Waliwazoeza kufikiri, na kukataa, na kujua wanalotaka katika maisha yao. Ni kweli kwamba waliwafundisha kungoja mpaka wawe tayari, hawakuwaambia mpaka ndoa, na hapo hatukubaliani nao. Lakini njia yao naipenda.

Wala msidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo, hayatuhusu. Sharia ya misaada ya UKIMWI iliyopitishwa Marekani mwaka 2003 iliagiza kwamba theluthi ya fedha za kinga itumike katika kuhimiza kujizuilia mpaka ndoa, na nchi yetu ya Kenya ilikuwa miongoni mwa zilizopokea. Agizo hilo lililegezwa mwaka 2008. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizilinganisha nchi 22 za Afrika, zilizopokea fedha hizo na zisizopokea. Dola zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne zilikuwa zimetumika katika kuhimiza kujizuilia na uaminifu wa ndoa, nao hawakuona dalili kwamba mwenendo wa watu umebadilika kwa sababu yake. Fedha kama hizo hutolewa na huondolewa kwa kutazama hesabu za karatasi. Kwa hivyo, kama vijana wamesema kweli au hawakusema, hilo ni jambo lenye uzito katika dunia yetu hii, mbali na ya Akhera.

Na karibu nasi zaidi ni Mwanza, Tanganyika ya zamani. Huko palikuwa na mpango uitwao MEMA kwa Vijana, na mwaka 2004 Mary Plummer na wenzake walichapisha habari ya kuwauliza vijana wa vijijini kwa njia tano mbalimbali: kwa karatasi, kwa maswali ya ana kwa ana, kwa mazungumzo marefu, kwa kukaa nao vijijini, na kwa vipimo vya mwili. Walikuwamo wasichana ambao vipimo vimeonyesha mimba au maradhi, na walipoulizwa kwa karatasi walisema hawajapata kumjua mwanamume. Walipoketi na mtu akazungumza nao kwa utaratibu, bila haraka, ukweli ulianza kutoka. Kisumu nako, Barbara Mensch na wenzake walijaribu kuwauliza vijana maswali yale yale kwa mdomo na kwa kompyuta yenye kusema masikioni mwao, wakaona kwamba katika baadhi ya mambo majawabu yalibadilika kwa kubadilika muulizaji tu.

Hapa lazima nisimame kidogo. Tusomapo habari ya msichana aliyekana hali mwili wake washuhudia, ulimi wetu huwa mwepesi wa kusema, "Muongo." Je, kama alilazimishwa? Kama aliyemwingilia ni mtu wa nyumba yake, au mtu mzima aliyemwamini? Sharia yetu haimhesabii dhambi aliyelazimishwa, wala haimwiti mzinifu. Mtoto huyo akiulizwa, "Je, umepata kufanya?" ajibu nini? Hakufanya, amefanyiwa. Karatasi ya vyumba vitano haina chumba chake. Nakhofia kwamba nyumba zetu nyingi pia hazina chumba chake.

Sasa nataka niseme kosa langu mwenyewe, kwani sikuyajua haya kwa kusoma tu. Miaka sita iliyopita niliwaandikia karatasi kama hiyo wanafunzi wangu wa darsa ya jioni. Walikuwa 34, wavulana kwa wakati wao na wasichana kwa wakati wao. Sikutia vyumba vya alama. Niliwataka wajibu kwa maneno yao wenyewe, nikidhani ndivyo watakavyofunguka zaidi, na niliwakataza kuandika majina. Zilirudi karatasi 34, zote safi kama maji ya birika la msikiti. Kila mmoja atangoja. Kila mmoja ana hakika ataweza. Hakuna hata mmoja aliyepata kushawishika. Nikafurahi furaha ya mpumbavu, nikaisoma hesabu hiyo mbele ya wazazi, wakaniombea dua.

Haikupita miezi minne, msichana mmoja wa darsa ile akaondolewa na jamaa zake, akapelekwa bara kwa shangazi yake, na sababu haikufichika. Usiku ule niliyasikia maneno hayo, nilifungua kabati nikazitoa zile karatasi. Hazikuwa na majina. Lakini watoto wale niliwafundisha mimi kuandika, wengine tangu alifu na be, na mwandiko wa kila mmoja wao naujua kama niijuavyo sauti yake. Nilitaka kuitafuta karatasi ya msichana yule nione aliandika nini. Nilikuwa nimekwisha kufunua tatu au nne ndipo nilipotambua nifanyalo. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul Hujurat kupelelezana, nami nilikuwa nimeketi usiku na taa nampeleleza mtoto aliyekwisha kufikwa na msiba.

Na hapo hapo nikatambua jambo la pili. Ikiwa mimi naijua miandiko yao, wao nao wajua kwamba naijua. Niliwaambia wasiandike majina, na majina yao yamo katika kila herufi. Watoto wale hawakuwa wakijibu maswali yangu. Walikuwa wakinipa heshima yangu, kama wanipavyo mkono waingiapo. Na yule msichana, kama alikuwa na la kusema wakati ule, nilikuwa nimempa karatasi ya kulisemea ambayo yeye alijua ni mtego. Nilizichoma zote. Mpaka leo sijui aliandika nini, na namwomba Mwenyezi Mungu nisijue.

Mvulana wa jambo lile, yeyote aliyekuwa, hakuna aliyemtafuta, wala hakuna mvulana aliyepelekwa kwa shangazi. Hili nalitaja kwa sababu wazazi wanijiao juu ya iffa wote waja kwa ajili ya binti zao. Katika Suratun Nur walioamrishwa kwanza kuinamisha macho na kuhifadhi tupu zao ni wanaume Waislamu, kisha wakafuatia wanawake. Sisi tumeianza aya ya pili na ya kwanza tukairuka. Wako hata wanaowapeleka wasichana wakatazamwe miili yao. Na Shirika la Afya la Dunia lilisema wazi mwaka 2018 kwamba utazamaji huo hauna msingi wowote wa kitaalamu, na likataka ukomeshwe. Ni kipimo kisichopima kitu, na hakuna aliyekibuni kwa wavulana.

Narudi katika lile neno la pili la karatasi ya skuli: nina hakika nitaweza kukataa. Kijana anayetia alama ya "nakubali kabisa" ndiye apataye daraja ya juu. Lakini tumkumbuke Nabii Yusuf (a.s.), ambaye hakuna kijana aliyejaribiwa kama yeye, naye ndiye mfano wetu wa iffa. Alipozungukwa na vitimbi vya wanawake wale, hakusema kwamba ana hakika. Alimlilia Mola wake kwamba jela ni bora kwake, na kwamba asipomwondolea vitimbi vyao atawaelekea. Mtu kama huyo ukimpa karatasi atatia alama wapi? Akisema kweli ya moyo wake atatia "sina hakika," na mwenye kuhesabu atamwandika miongoni mwa dhaifu. Na kijana wa miaka 14 asiyepata bado kujaribiwa hata kwa salamu atatia "nakubali kabisa," aandikwe miongoni mwa wenye nguvu.

Iffa si rai. Ni mtu kutaka na kujizuia kwa khofu ya Mola wake, na asiyetaka hana anachojizuia nacho. Kwa hivyo kijana anayekiri kwamba ameshawishika hajapungukiwa na iffa. Huenda yeye ndiye peke yake katika darsa aliyeijua. Hata wataalamu wenyewe wameanza kuliona hili. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 na N. Tatiana Masters na wenzake uliuliza kama nia ya kujizuilia na nia ya kufanya ni vitu viwili vilivyo kinyume hasa, na wakaona kwamba mambo hayo mawili yaweza kukaa pamoja katika moyo mmoja. Sisi tulipasa kulijua hilo kabla yao, kwani tumefundishwa habari za nafsi yenye kuamrisha maovu na nafsi yenye kujilaumu, na zote mbili ni za mtu mmoja.

Je, basi kijana hawezi kusema kweli juu ya jambo hili? Aweza, na kisa chake kimo katika Musnad ya Imam Ahmad. Kijana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) mbele za watu akamwomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamgeukia wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamketisha. Akamwuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, na kwa binti yake, na kwa dada yake, na kwa shangazi zake, na kila mara kijana akajibu kwamba hapendi, naye akamwambia kwamba watu nao hawapendi hivyo kwa jamaa zao. Kisha akaweka mkono wake juu yake akamwombea dua ya kusamehewa, na kutakaswa moyo, na kuhifadhiwa.

Kisa hiki twakisimulia sana kwa ajili ya yale maswali ya mama na dada. Mimi siku hizi nakitazama kutoka mwanzo wake. Yule kijana alithubutu vipi? Kati ya Sahaba, mchana, atamka neno kama lile? Alithubutu kwa kuwa alijua anamwendea nani. Wale waliokemea hawangeambiwa kamwe. Wao kama wangeligawa karatasi zao mjini Madina, kijana yule angelitia alama nzuri kabisa, akaenda zake na haja yake moyoni, wala asingeombewa dua ile. Na tumuulize kila baba na kila mwalimu, nami wa kwanza: mwanao akikujia na neno kama lile, wewe utakuwa nani katika kisa hicho?

Yule mzee alirudi baada ya juma moja. Nikamjibu la kwanza kwamba sioni ubaya binti yake kuulizwa, ikiwa karatasi haina jina, na waulizaji ni watu wasiomjua, na maneno ni ya adabu, na hakuna mwalimu atakayeisoma. Tena awe huru kuacha. Hiyo si kupeleleza, kwa kuwa hakuna anayepelelezwa. Ni kama tabibu anayehesabu wagonjwa wa mji bila kutaja nyumba. Hesabu ile, ikichukuliwa kwa tahadhari, yaweza kutuambia sisi wazee hali ya umma wetu, tusiipendayo kuisikia. Na haya isiwe kizuizi: Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Ama la pili, nilimwambia haifai. Kile kinachohalalika kwa mgeni katika jambo hili kimeharamika kwake yeye baba. Mgeni hatamjua binti kwa karatasi ile. Yeye atamjua, na ataijua kwa njia ambayo binti hakumpa. Usama bin Zaid (r.a.) alipomwua vitani mtu aliyetamka shahada, kwa kudhani kwamba ameitamka kwa khofu, Mtume alimhoji kama alimpasua moyo akautazama. Ikiwa adui katika uwanja wa vita ana haki moyo wake usipasuliwe, binti katika nyumba ya babake anayo haki hiyo zaidi.

Mzee akanyamaza. Kisha akasema, "Na akiandika nisilolipenda, Sheikh?"

Nikamwambia, "Litakuwa limo moyoni mwake nawe hujui, kama lilivyokuwamo kabla ya karatasi nawe hujui."

Akaitazama ile barua kwa muda. Akaniambia kwamba tangu alipofariki mama yake binti yule, miaka mitatu sasa, hawajapata kuketi wawili wakazungumza illa juu ya karo na matumizi ya nyumbani. Aliyesema naye mambo mengine alikuwa mamake.

Nikamwuliza binti hurudi saa ngapi kutoka skuli. Akasema saa kumi na moja. Ilikuwa imekaribia saa kumi na nusu. Akaomba kalamu, akatia saini pahali pa mzazi, akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa kanzu, akaniaga.